Pattaya: Ukiuliza Nauli, Umeliwa

Mara ya kwanza nilipokwenda Pattaya nilifanya kosa ambalo yeyote aliyekulia kwenye daladala angelifanya: niliuliza nauli kabla ya kupanda. Dereva alinikagua kuanzia ndala hadi kofia, akasema baht 200, baht ndiyo fedha ya Thailand. Nikalipa. Baadaye nikagundua kwamba wenyeji kwa njia ileile walikuwa wakitoa baht 10. Nitalirudia hilo, maana ndilo somo kubwa la mji ule, ila kwanza tufike.

Pattaya uko kwenye Ghuba ya Thailand, yapata kilomita 150 kusini-mashariki mwa Bangkok. Sisi tunaoishi Ghuba ya Uarabuni hatuna shida, ndege za moja kwa moja hadi Bangkok zipo kutoka Muscat, Dubai na Doha. Uwanja wa Suvarnabhumi, zinakotua ndege nyingi za kimataifa, uko upande huohuo wa mashariki, kwa hiyo huna haja kabisa ya kuingia kwenye foleni za Bangkok mjini.

Kinachowakwamisha wengi wetu ni karatasi. Visa hufuata pasipoti, haifuati mahali unapoishi. Mwenye pasipoti ya Uingereza au Marekani huingia bila visa kwa ziara fupi. Mwenye ya Tanzania au Kenya, hata awe ameishi London miaka ishirini, aombe visa mapema mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya Thailand. Tangu Mei 2025 kuna pia fomu ya kuingilia ya kidijitali, TDAC, ambayo kila mgeni huijaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni ya bure. Ukiona tovuti inakudai dola, ondoka, hiyo siyo yenyewe.

Halafu kadi ya njano. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye orodha ya Thailand ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari, na ukishachanja mara moja cheti hakina mwisho. Ukishuka, usikimbilie foleni ya uhamiaji. Tafuta kwanza dawati lenye maandishi Health Control, wakague kadi yako. Ukienda uhamiaji bila kupitia hapo, utarudishwa, na foleni utaianza upya.

Pale dirishani, kijana wa Kiafrika anayesafiri peke yake asishangae akiulizwa tiketi ya kurudi, hoteli na fedha. Tena, ukiwa unakwenda kwa sababu umeahidiwa kazi nzuri ya kompyuta na mtu usiyemjua, usipande ndege. Wakenya na wengine wa kwetu wamepitishwa Bangkok kwa ahadi kama hizo wakaishia kwenye kambi za utapeli mpakani mwa Myanmar.

Ukishatoka, shuka ghorofa ya 1, kuna basi la Pattaya. Nauli haifiki baht 200 na safari ni kama saa mbili. Linashusha abiria kwenye makutano ya barabara za Pattaya Kaskazini, Kati na Kusini, kisha linamalizia Jomtien, eneo la ufukweni kusini mwa mji, kwa hiyo jua mapema hoteli yako iko karibu na makutano gani. Teksi nzima ni kati ya baht 1,000 na 1,500. Mkiwa wanne na masanduku, inalipa. Aliyelala Bangkok apande treni ya juu hadi kituo cha Ekkamai, stendi ya mabasi ya mashariki iko hapohapo.

Sasa lile somo. Usafiri wa Pattaya ni songthaew, maana yake safu mbili: pikapu ya buluu, mabenchi mawili yanatazamana nyuma. Aliyepanda gari za mbao za Unguja, au anayekumbuka chai maharage za Dar, atajiona yuko nyumbani, isipokuwa hakuna konda. Barabara ya ufukweni inakwenda upande mmoja tu, kusini. Barabara ya Pili, sambamba nayo, inarudi kaskazini. Gari zinazunguka humo mchana kutwa. Unapunga mkono, unapanda kimya. Ukifika unabonyeza kengele darini, unashuka, unamfuata dereva dirishani na kumpa pesa. Kwa miaka mingi ilikuwa baht 10 kwa mzunguko wa mjini; kuwa na noti za 20 kabisa, usimpe 1,000.

Ukiuliza bei, umeshamwambia kwamba unakodi gari zima. Vivyo hivyo kwa gari tupu iliyoegeshwa huku dereva akikuita. Ila zile zinazopanga foleni kwenye kona ya Barabara ya Pili na Pattaya Kusini ni za Jomtien, zinasubiri kujaa kama kituo chochote cha kwetu. Hizo panda bila wasiwasi.

Kwa bodaboda sheria inageuka. Madereva wana vizibao vyenye namba, na hapo bei mnapatana kabla hujakaa. Au tumia Bolt, ileile ya Dar na Nairobi, inafanya kazi Pattaya kwa gari na pikipiki, pamoja na Grab, programu nyingine ya aina hiyo.

Kukodi pikipiki yako mwenyewe mimi sikushauri. Magari yanapita kushoto, kwa hiyo Mkenya na Mganda hatachanganyikiwa, lakini Mrundi na Mkongo wajiangalie. Bila leseni ya pikipiki inayokubalika, bima ya safari haitakulipa hata shilingi. Na pasipoti usiiweke rehani kwa mwenye pikipiki, hata akikasirika.

Kwa bahari safi nenda kisiwa cha Koh Larn. Boti ya abiria inaondoka gati ya Bali Hai, baht 30, kama dakika 45. Wanaokuwinda ufukweni wanauza boti za kasi kwa bei nyingine kabisa.

Wenye familia walale Jomtien au Naklua. Walking Street, mtaa wa baa na vilabu vya usiku, ikifungwa kwa magari jioni, mambo yake si ya watoto. Chakula cha halali kipo kwa wingi Pattaya Kusini, kwenye mtaa wa mikahawa ya Waarabu. Mashine ya benki inakata baht 220 au zaidi kila unapotoa kwa kadi ya nje, kwa hiyo toa nyingi mara moja. Ukipata mkasa, polisi wa watalii wanapokea simu 1155.

Mwisho, ukiangukia Aprili: Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, kwingine ikiisha, Pattaya wanaendelea kumwagiana maji hadi tarehe 18 na 19. Ndani ya songthaew hakuna pa kujificha. Simu na pasipoti ziingie kwenye mfuko wa nailoni, na tiketi ya basi la kurudi uwanja wa ndege ikatwe siku moja kabla.