Kujenga Kabati la Michezo ya Video kwa Vipuri vya Kompyuta ya Zamani

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kompyuta ya mezani isiyotumika tena, skrini bapa ya zamani na jozi ya spika, anayetaka kuvifunga ndani ya kabati la mbao ili acheze akiwa amesimama michezo ya miaka ya 1980 na 1990. Useremala nitaupitia haraka. Wengi ninaowasaidia hukwama kwenye jostiki na vitufe, kwa hiyo huko ndiko tutakakokaa.

Hatua ya 1: Kagua vipuri

Iwashe kompyuta ikiwa bado ndani ya kasha lake na uhakikishe kwamba haizimiki yenyewe. Prosesa ya biti 64 na RAM ya GB 4 zinatosha kwa michezo ya kipindi hicho. Chagua skrini ya uwiano wa 4:3 au 5:4, kwa sababu michezo hiyo ilitengenezewa skrini za 4:3, na skrini pana itaacha weusi pande zote mbili. Michezo kama Pac-Man wa 1980 ilitumia skrini iliyosimamishwa wima. Ukiipenda zaidi, igeuze skrini yako. Skrini ya chogo sishauri uiguse, kwani ndani yake umeme wa volti maelfu huweza kubaki hata baada ya kuchomolewa.

Hatua ya 2: Weka programu

Tumia Batocera, mfumo endeshi wa kuchezea michezo ya zamani, ambayo huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi na kukuepusha na usanidi mwingi. Mafaili ya michezo yana hakimiliki, lakini tovuti ya MAME, programu inayoiga mashine za michezo za zamani, hutoa machache yaliyoruhusiwa kutumiwa bure, ukiwemo Robby Roto. Mchezo ukikataa kufunguka, kwanza angalia kama faili lake linalingana na toleo la MAME ulilo nalo, kwa kuwa toleo moja huweza kudai faili ambalo toleo lingine halilihitaji.

Hatua ya 3: Kata mbao

Plaiwudi ya milimita 18 ni bora kuliko MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ambayo huvimba ikipata maji na kuachia skrubu. Ubao wa vidhibiti ukae takriban sentimita 90 hadi 95 kutoka sakafuni.

Hatua ya 4: Vidhibiti

Usitoboe mbao bado. Toboa kwanza kipande cha kadibodi ngumu, panga vitufe, weka mikono juu yake na ucheze hewani, kwa sababu kitufe kilichokaa vibaya utakijua zaidi kwa kifundo cha mkono kuliko kwa rula. Nunua vitufe vya kukaza kwa nati. Vile vya kubana kwa klipu vimeundwa kwa ajili ya ubao mwembamba na havitashika plaiwudi nene. Tundu huwa la milimita 28 au 30, hivyo pima kitufe chenyewe kabla ya kuchagua msumeno wa tundu.

Inayofuata ni enkoda, yaani kisahani kinachoifahamisha kompyuta ni kitufe gani kimebonyezwa. Utashawishika kung'oa kisahani cha kibodi ya zamani, kwa kuwa ni cha bure. Mimi napinga. Nyaya za kibodi ya kawaida zimepangwa kwa safu na nguzo, na vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili vikibonyezwa pamoja, kibodi haiwezi kujua kama cha pembe ya nne kimebonyezwa au la. Ama itakizua, ama itakataa mojawapo ya ulivyobonyeza. Mchezaji mmoja huenda asione tatizo, lakini wakicheza wawili, mmoja ataruka na mwenzake atashindwa kupiga ngumi.

Enkoda za USB za bei nafuu hazina kasoro hiyo, ila ukitumia mbili zinazofanana, mfumo huweza kuzibadilishana baada ya kuwasha upya, na mchezaji wa kwanza akajikuta ni wa pili. Ndiyo maana napendelea enkoda moja ya wachezaji wote wawili inayojitambulisha kama kibodi, mfano I-PAC: mpangilio wake wa awali unafuata ule wa MAME, ambapo kitufe cha 5 cha kibodi huingiza sarafu na cha 1 huanzisha mchezo.

Swichi ndogo ya kitufe huwa na ncha tatu: COM (ya pamoja), NO (huungana na COM kitufe kikibonyezwa) na NC (huungana na COM kitufe kisipobonyezwa). Unganisha COM zote kwa waya mmoja unaopita kutoka swichi hadi swichi mpaka kwenye ncha ya ardhi ya enkoda, kisha waya wa kila kitufe uanzie kwenye NO. Ukitumia NC, kompyuta itaona kitufe kimebonyezwa muda wote ambao hujakigusa. Kuhusu jostiki, fahamu kwamba nyingi, ukisukuma mpini juu, hubonyeza swichi ya chini. Sukuma, sikiliza mlio, ndipo uunganishe. Kwa Pac-Man weka kizuizi cha pande nne, kinachouruhusu mpini uende juu, chini, kushoto na kulia tu, maana jostiki ya pande nane itakwamisha kona.

Hatua ya 5: Umeme na hewa

Pawa saplai usiifungue kamwe. Ubaomama uinue kwa vispesa ili hewa ipite chini yake, na utoboe matundu chini na juu ya mgongo wa kabati. Kitufe cha kuwashia kiunganishe kwenye pini za PWR_SW (swichi ya kuwashia) za ubaomama, ili kompyuta izimike kwa utaratibu badala ya kukatiwa umeme na kuharibu mafaili. Mlango wa nyuma ufunge kwa skrubu, usiupige gundi, kwa kuwa nyaya za vitufe hulegea.