Somo: Wiki moja kwenye karavani, pwani ya Pembrokeshire

Wengi mmeniuliza inbox tulivyofanya ile wiki ya Pembrokeshire, kule Wales, tukalala kwenye karavani (kile kijumba cha matairi kinachovutwa na gari) hatua chache kutoka baharini bila bili ya hoteli. Hili hapa somo. Mwenye kujua zaidi anisahihishe.

1. Leseni na gari. Tangu Desemba 16, 2021, mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo huku Uingereza anaruhusiwa kuvuta tela hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Ila leseni kukuruhusu ni jambo moja, gari kuweza ni jingine. Soma kitabu cha gari lako linavuta kilo ngapi. Namba ya gari ibandikwe pia nyuma ya karavani.

2. Mzigo. Hapa ndipo tunapokosea, hasa sisi tunaofungasha sufuria la pilau na gunia la mchele kama tunahama. Vizito vikae chini, usawa wa ekseli. Ukivirundika nyuma, pua ya karavani inakuwa nyepesi na mkia unaanza kuyumba barabarani. Ikiyumba usikanyage breki ghafla: toa mguu kwenye mafuta, shikilia usukani unyooke, itatulia. Mwendo wa juu ni maili 60 kwa saa kwenye motawei (zile barabara kuu za kasi) na 50 kwenye barabara zisizogawanywa katikati.

3. Fika mchana. Vijia vya kwenda ufukweni kule ni vyembamba, vichaka huku na huku. Ukikutana na trekta, mmoja lazima arudi rivasi, na aghalabu si mwenye trekta.

4. Kusimamisha karavani. Usikimbilie baharini bado. Chukua pimamaji, kile kile cha mafundi ujenzi, ukilaze sakafuni mlangoni. Kwanza sawazisha kushoto na kulia: weka kabari chini ya tairi la upande ulioshuka, panda taratibu mpaka kile kipovu kikae katikati. Funga breki ya mkono, zuia matairi, ndipo uitenganishe na gari. Mbele na nyuma unasawazisha kwa kuzungusha mpini wa lile gurudumu dogo la mbele. Ile miguu minne ya kwenye pembe inakuja mwisho, nayo ni ya kuzuia mtikisiko tu. Ukiigeuza jeki utaipinda. Msidhani ni mbwembwe: friji nyingi za karavani zinazotumia gesi hazipoozi vizuri zikiinama.

5. Umeme. Uliza soketi ya kambi ni ya ampea ngapi. Ikiwa 10, una wati kama 2,300 tu. Birika la nyumbani la wati 3,000 halifai. Mimi sikuuliza. Saa tatu usiku nikawasha birika na hita kwa pamoja, pap, giza, na mwenye kambi keshalala. Tangu siku hiyo chai yetu ya maziwa inachemkia kwenye gesi, na tangawizi inakolea vizuri zaidi, wala sisemi kwa kujifariji.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Watoto wanaweza kulala ndani ya karavani tukiwa njiani?
Marahaba. Hapana, mdogo wangu, sheria hairuhusu abiria humo wakati inavutwa. Wakae kwenye gari, na mikanda.

Mvua ikinyesha, naweza kuingiza jiko la mkaa kwenye hema la ubavuni? Nyama itakuwa imeshakolezwa viungo.
Kaka, tafadhali usithubutu, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi, na watu wamekufa usingizini kwa kuingiza jiko hemani. Mvua ikija, nyama iende kwenye kikaango. Na king'ora cha hewa hiyo kiwemo ndani ya karavani.

Choo je? Mama mkwe anakuja nasi.
Kipo ndani, kina tangi dogo unalolichomoa kwa nje na kulimwaga mahali maalumu kambini. Usisubiri lijae. Na kazi hiyo ni ya mumeo, aifanye kabla mama hajaamka.

Mimi mtoto wa Tanga, bahari naijua. Kuna la kuogopa?
Baridi kwanza; hata Agosti utaruka. Halafu maji. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari ya upande ule hupanda na kushuka zaidi ya mita 6, na inapojaa huziba njia chini ya majabali nyuma yako wakati wewe bado unaokota kome. Angalia jedwali la kupwa na kujaa kabla ya kutoka. Ukinaswa, piga 999 uombe Coastguard, waokoaji wa pwani. Sisi tulishuka maji yakiwa yanatoka, tukarudi mapema na vibua wanne tulionunua kwa mvuvi, tukawakaanga mlango wazi.