Kupima Nyumbani Jinsi Macho Yanavyogeuka na Kulenga kwa Pamoja

Tazama Milima ya Ngong, kisha shusha macho kwenye simu iliyo sentimita 40 kutoka usoni. Misuli ya upande wa pua huvuta macho yote mawili ndani. Msuli unaoizunguka lenzi hukaza, nyuzi zinazoishika zikalegea, nayo ikawa nene ili ilenge karibu. Mboni nazo husinyaa. Amri zote hizi hupitia neva ya tatu ya kichwa, na kulenga huvuta kugeuka, kugeuka kukavuta kulenga.

Kazi ya lenzi hupimwa kwa dayopta: gawanya 1 kwa umbali wa mita. Kwenye sentimita 40 ni 2.5. Kwa mtu ambaye mboni zake zimeachana sentimita 6, macho hugeuka prizimu 15 (prizimu ni kipimo cha kugeuka kwa macho; hapa ni 6 mara 2.5). Kila dayopta ya kulenga huvuta prizimu 3 hadi 5 hivi, yaani 7.5 hadi 12.5 tu, pengo hujazwa hasa na ubongo unaopatanisha picha mbili ziwe moja. Ukisogeza simu hadi sentimita 20, kazi zote mbili zinaongezeka maradufu.

Anza na lenzi. Vaa miwani yako ya mbali kama unayo, si ya kusomea. Funika jicho moja, sogeza maandishi madogo ya gazeti hadi yafifie na yasitake kurudi. Pima kwa rula. Toa robo ya umri wako kwenye 15 upate dayopta za chini zinazotarajiwa: miaka 20 ni 10, yaani sentimita 10, miaka 40 ni 5, yaani sentimita 20.

Sasa fungua macho yote mawili, lete ncha ya kalamu polepole kuelekea katikati ya macho. Ikigawanyika mbili ikiwa imebaki sentimita 6 hadi 10 au chini, ni sawa. Rudia mara tano, kwa sababu macho dhaifu hujionyesha yakichoka. Mwenzako akuangalie: jicho likigeukia nje nawe bado unaona kalamu moja, ubongo umelizima jicho hilo.

Kipimo kinachoeleza zaidi ni cha uzi. Nunua shanga tatu kubwa Maasai Market, uzitunge kwenye uzi wa mita 1.5, kwenye sentimita 30, 60 na 120 kutoka ncha ya puani. Funga ncha moja kwenye kitasa, nyingine ishike puani. Ukitazama shanga ya kati, unapaswa kuona nyuzi mbili zikipishana palepale kwenye shanga. Zikipishana mbele yake, upande wa pua, macho yamegeuka kupita kiasi. Nyuma yake, hayajageuka vya kutosha. Uzi mmoja tu ukionekana, jicho moja limezimwa.

Maandishi yakitulia ukifunika jicho moja, shida ni ya kugeuka. Yakibaki na ukungu hata kwa jicho moja, anza na miwani. Dukani sema wazi kwamba unataka macho yapimwe pamoja, kwa karibu. Ubao wa herufi wa mita 6, jicho moja moja, hauonyeshi hili.

Mtoto anayegeuza jicho ndani akitazama karibu huenda ana shida ya kuona karibu, na mara nyingine miwani pekee hulinyoosha. Mtu mzima akianza ghafla kuona viwili viwili, hasa kope ikianguka, mboni zisilingane au kichwa kiume, aende hospitali siku hiyohiyo, si duka la miwani.