SOMO: Mbao za vita kwa taifa lako la kubuni

Wakuu, swali ni lilelile kila siku: "Nchi yangu ya kubuni haina chuma, jeshi lipigane na nini?" Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena, mpeni hii. Mfano ni Kisandu, visiwa vyangu vyenye misitu tele na chuma sifuri, ambako wanajeshi hujikinga kwa mbaokaza, yaani mbao zilizokandamizwa hadi zikakaza.

1. Chagua mti mwepesi. Paina inatosha.

2. Chemsha ubao kwenye kostiki (magadi makali ya kiwandani) na salfaiti ya sodiamu ili kupunguza lignini, ile inayogandisha nyuzi. Punguza, usimalize. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walichapisha njia hii mwaka 2018; wao walichemsha saa 7.

3. Kandamiza ungali na maji, kwenye joto la nyuzi 100 hivi. Unene hubaki kama moja ya tano, nguvu hupanda zaidi ya mara 10.

4. Gundi. Hapa ndipo majeshi mengi ya humu yanapofia. Ubao uliokandamizwa unatoka mwembamba, kwa hiyo ngao au ubavu wa mashua ni tabaka juu ya tabaka, nyuzi zikikatizana. Kinachozishika ni gundi, na watu hawaiandiki kabisa! Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walikuwa na ndege ya mbao, Ta 154. Kiwanda cha gundi yake kule Wuppertal kikapigwa mabomu, gundi mbadala ikawa inaula ubao wenyewe. Mradi ukafutwa 1944. Waingereza nao, ndege zao za mbao, Mosquito, zile za mwanzo zilishikwa kwa gundi ya kasini, inayotokana na maziwa. Kasini haipatani na unyevu, wakahamia gundi za kemikali, za fomaldehaidi. Sasa niambie: nchi yako inapika gundi wapi? Nani anakijua hicho kiwanda? Masika yakipiga miezi mitatu, ngao inabaki moja au inakuwa karatasi tano? Usipojibu haya, usinitumie ramani ya vita.

5. Moto. Mbao nzito huchelewa kushika, ila hushika.

MASWALI

Komando_01: Mkuu kwa nini usitumie mpingo? Si ndio mgumu kuliko yote?

Jibu: Hatua ya 1. Ina sentensi mbili tu.

Binti wa Mbagala: Kaka, fundi mmoja wa Keko aliniambia mpingo ukiutupa majini unazama. Ndiyo maana hauufai mkandamizo?

Jibu: Hapohapo, dada. Kukandamiza ni kufunga vitundu vilivyomo ndani ya ubao. Paina ni vitundu vitupu. Mpingo umeshajaa, utabana nini? Ndiyo maana unachongwa klarineti na vinyago ukiwa hivyohivyo. Kisandu nimeupa kazi ya mipini na kabari. Ukiandika nchi yako nitumie, nitaisoma yote.

Komando_01: Naweza kujaribu nyumbani? Nina jiko la mkaa na jeki ya gari.

Jibu: Hapana. Kostiki ya moto inapofua macho. Hili ni somo la hadithi.

Komando_01: Nimeuliza tu.

Jibu: Nami nimejibu tu.

Mzee wa Randa: Vijana, hata ubao wa kawaida hapa Dar unapasuka kwa kuanikwa vibaya. Paka rangi au nta kwenye vichwa vyake kabla ya kuupanga kivulini. Maji hukimbilia kutokea huko, kichwa kinakauka mbele ya tumbo, ufa unaanza.

Jibu: Shikamoo mzee. Hiyo naiingiza Kisandu leo, ghala zima la vichwa vyekundu.

Mzee wa Randa: Marahaba. Na mchwa?

Jibu: Visiwa vyangu havina mchwa. Nimeviumba mwenyewe.

Mzee wa Randa: Meli ya kwanza ya adui itawaleta.