Somo: Msisimuo wa sumaku kwa maumivu na misuli iliyolegea, hatua kwa hatua

Habari wadau. Somo hili ni la mashine yenye koili (nyaya zilizozungushwa) inayowekwa juu ya nguo, ikianza kupiga tatatata msuli unaruka. Siyo mikeka ya sumaku ambayo mgonjwa analala juu yake asihisi kitu. Mkeka hutoa nguvu ndogo, kwa kawaida militesla chache (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku, militesla ni sehemu yake ya elfu) au chini ya hapo. Koili tunayoizungumzia hufika Tesla 1 hadi 3, kwa mpigo usiomaliza hata nusu ya milisekunde. Ukichanganya hivi viwili, dozi yote inaharibika.

Kanuni yake ni ile aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831: sumaku ikipanda na kushuka ghafla, umeme unazaliwa kwenye kitu kinachopitisha umeme kilicho karibu. Hapa kitu hicho ni mwili. Umeme huo unaiamsha neva, na neva ndiyo inayoukaza msuli. Ngozi haibebi mzigo kama inavyobeba chini ya pedi za TENS (mashine ya maumivu inayopitisha umeme kwenye ngozi), kwa hiyo mgonjwa huvumilia mkazo mkubwa bila kuchomwachomwa.

Hatua ya 1: Mchuje mgonjwa

Pesimeka (kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo), kifaa cha kushtua moyo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, pampu ya insulini au kifaa chochote cha umeme kilichomo mwilini: usiwashe mashine. Vivyo hivyo mjamzito, mwenye kifafa, mwenye mgando wa damu mguuni, homa, au uvimbe wa saratani sehemu inayotibiwa. Usiweke koili kifuani wala kichwani. Kwa mtoto, epuka ncha za mifupa inayokua. Swali la chuma mwilini liulize mara mbili, kwa maneno tofauti: "Una chuma mwilini?" kisha "Umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?" Wengi hujibu hapana kwa la kwanza, ndiyo kwa la pili.

Hatua ya 2: Ondoa vyuma

Pete, mkufu, saa, simu, kadi za benki, mkanda, funguo. Zipu au kifungo cha chuma kilicho chini ya koili kinaweza kupata moto. Nawe mtoa huduma usishike koili ukiwa na saa mkononi. Kiti cha mbao ni salama kuliko kitanda chenye fremu ya chuma. Koili nyingi zina kelele, mpe mgonjwa viziba masikio.

Hatua ya 3: Mkao

Tuchukue mfano wa paja lililodhoofika baada ya jeraha la goti. Mgonjwa aketi ameegemea nyuma kidogo, na mto chini ya goti ulikunje kama nyuzi 20 hadi 30. Goti likinyooka kabisa, huoni msuli ukifanya kazi yoyote.

Hatua ya 4: Tafuta mahali

Hapa ndipo wengi wanapokosea, halafu wanailaumu mashine. Kwenye koili ya duara, watu huelekeza tundu la katikati kwenye sehemu inayouma. Sumaku kweli ni kali zaidi pale katikati, lakini umeme inaouzalisha pale ni karibu sifuri. Umeme mkali uko chini ya nyaya zenyewe, kwenye pete ya koili. Kwa hiyo ukingo wa pete ndio ukae juu ya neva. Koili yenye umbo la nane ni tofauti: kwake umeme mkali uko pale duara mbili zinapokutana.

Weka masafa 1 au 2 Hz (yaani mpigo 1 au 2 kwa sekunde), nguvu ya chini, kisha sogeza koili sentimita moja moja juu ya paja la mbele, ukianzia kwenye msuli wa upande wa ndani, juu kidogo ya pia ya goti. Msuli ukiruka, simama hapo na uzungushe koili polepole, maana mwelekeo nao hubadilisha matokeo. Kwa unyayo unaodondoka, tafuta nyuma ya nundu ya mfupa wa nje, chini kidogo ya goti. Ukipata mahali, weka alama kwa kalamu.

Koili iguse nguo. Ukiinua sentimita moja tu nguvu inashuka waziwazi, ndiyo maana mgonjwa mwenye mafuta mengi chini ya ngozi anahitaji kiwango cha juu zaidi.

Hatua ya 5: Dozi

Kwa nguvu za msuli: 30 hadi 50 Hz, sekunde 5 za kukaza na 15 za kupumzika. Hiyo ni mikazo 3 kwa dakika, mikazo 30 kwa dakika 10. Inatosha kwa kuanzia. Panda nguvu mpaka mkazo uonekane na mgonjwa aseme ni mkali ila anavumilia.

Kwa maumivu mapya: 80 hadi 100 Hz, nguvu isiyofikia kurusha msuli. Kwa maumivu sugu ya kiuno: 2 hadi 10 Hz, msuli ukiruka kidogo, dakika 10 hadi 15.

Hatua ya 6: Mgonjwa akaze naye

Mashine ikianza kupiga, naye asukume goti chini kwenye mto. Akilala tu akichezea simu (ambayo tulishaiondoa!), nusu ya faida imepotea.

Hatua ya 7: Pima

Maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, kabla na baada, na kazi moja halisi kama kuinuka kitini. Mara 2 hadi 3 kwa wiki. Vikao 6 vikipita bila badiliko lolote, badili mpango.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mgonjwa ana sahani ya titaniamu kwenye paja. Titaniamu haivutwi na sumaku, si nipige tu?

Jibu: Haivutwi, lakini inapitisha umeme, hivyo umeme unazaliwa ndani yake nayo inaweza kupata joto. Usiweke koili juu yake. Fuata kijitabu cha mashine yako kuhusu umbali, na kama hakisemi, tumia mazoezi ya kawaida.

Swali: Yangu inajizima dakika ya 6 kila mara. Imekufa?

Jibu: Hapana, koili imechemka na mashine inajilinda. Ongeza muda wa kupumzika, shusha masafa, na uangalie matundu ya hewa: mara nyingi utakuta yamezibwa na taulo au vumbi. Ikijizima hata ikiwa baridi, hapo muite fundi.

Swali: Daktari, mkono umelegea baada ya neva kukatika. Nimeweka nguvu ya mwisho, hakuna kinachoruka.

Jibu: Na hakitaruka. Mashine hii huamsha neva, na neva haipo. Msuli uliopoteza neva yake unahitaji mpigo mrefu wa makumi ya milisekunde au zaidi, ilhali mpigo wa koili haufiki hata milisekunde moja. Huko kuna mashine nyingine ya umeme wa pedi yenye mipigo mirefu.

Swali: Na kwa kiharusi, itarudisha mkono?

Jibu: Usimwahidi mgonjwa hivyo. Mapitio ya Cochrane (shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba) yaliona ushahidi kwa wagonjwa wa kiharusi bado hautoshi. Itumie kama nyongeza, mazoezi ya kushika na kuachia vitu yakibaki ndiyo tiba yenyewe.

Swali: Mgonjwa wangu kaamka na maumivu zaidi siku ya pili. Niache?

Jibu: Muulize yako wapi. Yakiwa kwenye nyama ya msuli, kama ya mtu aliyefanya mazoezi mapya, na yakaisha ndani ya siku 2 au 3, punguza nguvu na mikazo kikao kijacho. Yakiwa kwenye goti lenyewe pamoja na uvimbe, acha na ulikague goti upya. Shavu la mguu likivimba, likiwa na joto na linauma ukiligusa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.