Namna ya kurekodi masimulizi ya wazee wa Lamu na Malindi kuhusu mwaka 1964

Waliovuka kutoka Unguja kuja pwani ya Kenya baada ya mapinduzi ya Zanzibar, wakiwa vijana wa miaka 20, sasa wamepita 80. Kazi hii haina kesho nyingi.

Kabla ya kugusa simu, chora jedwali la tarehe. Julai 1963, uchaguzi wa Zanzibar: ASP, chama cha Afro-Shirazi, ilipata kura nyingi zaidi lakini viti 13 tu kati ya 31. Desemba 10, uhuru wa Zanzibar. Siku mbili baadaye, wa Kenya. Januari 12, 1964, Jumapili, mapinduzi. Aprili 26, muungano na Tanganyika. Pembeni tia miezi ya Kiislamu, kwa sababu mzee hatakutajia tarehe. Atakwambia "hatujaanza kufunga". Mapinduzi yaliangukia mwisho wa Shaaban, siku chache kabla ya mfungo.

Usiku ndio unaopotosha wengi. Kwetu siku huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Jumapili" wa mzee ni ule unaotangulia Jumapili, ambao kalenda ya ofisini huuita Jumamosi usiku. Ni usiku huo, kuelekea alfajiri, ndipo kambi za polisi za Ziwani na Mtoni, Unguja, zilipovamiwa na bunduki za polisi kutwaliwa. Ukiandika Jumapili usiku bila kuuliza, umemsogeza shahidi wako hadi baada ya serikali kuanguka.

Kisha pima safari kwa upepo. Januari ni kaskazi, na jahazi la tanga linalotoka Unguja kuja Lamu linakabiliana nao uso kwa uso. Akisema walifika kwa jahazi kabla ya Ramadhani, usimwambie haiwezekani. Muulize: chombo kilikuwa na mashine? Mlishukia Mombasa mkaja kwa gari? Au mlingoja kusi? Uliza nahodha alikuwa nani, mlilala wapi, maji ya kunywa mliyatia katika nini. Katika majibu ya hayo ndimo safari halisi hujitokeza, na mara nyingi mzee mwenyewe hujirekebisha.

"Malindi" nayo ina mtego. Mjini Unguja upo mtaa wa Malindi, na kituo chake cha polisi kilishikilia baada ya vingine kuanguka. Mzee akisema "Malindi walipigana", hakikisha ni ipi. Na huku Lamu, miaka hiyohiyo watu wa visiwani na bara walikimbia mashifta, waasi wenye silaha wa kaskazini mwa Kenya, hivyo swali la "mlikimbia lini?" lisiachwe bila "mlimkimbia nani?"

Neno lenyewe ni zito. Kuna wanaosema mapinduzi, kuna wanaosema mavamizi, na ukitangulia kutamka moja umeshachagua upande. Anza na "mwaka ule wa 64", umwachie Bwana au Bibi alitaje kwa jina lake. Ukinukuu, liache. Hali kadhalika Kiamu, lahaja ya Lamu: akisema *nti*, usiandike *nchi*, akisema *mato*, usiandike *macho*.

Kurekodi kwenyewe ni kwepesi. Ingia chumba cha ndani, si dakani, kwenye baraza ya mlangoni, kwa punda na wapita njia. Zima feni, maana mngurumo wake hauondoki baadaye. Weka simu katika hali ya ndege, juu ya taulo lililokunjwa, shubiri moja na nusu kutoka mdomoni. Ikikaa juu ya ubao mtupu, kila kikombe cha kahawa kinachotuliwa kitasikika kama nyundo. Anza baada ya alasiri, dakika 45, umalize kabla ya adhana ya magharibi.

Idhini iombe mara mbili: mwanzoni ili kurekodi, mwishoni ili kujua nani asikie. Hii ya pili ndiyo kubwa. Watu wamepoteza ndugu, na huenda akamtaja jirani aliyeshika panga, ambaye watoto wake wako hai. Jina kama hilo liandike kwenye daftari la pembeni, katika nakala ya kusambazwa weka alama tu. Sauti yote ihifadhi mahali pawili usiku huohuo, na moja ikae kwa familia ya msimulizi.