Feni inazunguka, skrini nyeusi? Toa RAM usikilize

Hii nimeijaribu juzi kwa mashine ya dukani kwetu Majengo, baada ya kukaribia kununua bodi mpya (ubao mkuu wa ndani) bure. Kompyuta ya mezani ikiwasha feni na skrini ikabaki nyeusi, izime, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kama sekunde 10 umeme uliobaki uishe, na uguse bati la kasha. Toa vibao vyote vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kisha rudisha waya uiwashe bila hata kimoja. Ikilia pi-pi, furahi: bodi na prosesa ziko hai, zinalalamikia RAM tu. Zima na uchomoe tena, sugua meno ya dhahabu ya kila kibao polepole kwa raba nyeupe laini ya penseli (ile ya kufuta wino ina mchanga, itakwangua dhahabu yenyewe), pangusa, urudishe kibao kimoja kimoja mpaka vibanio vilie ta! Huku kwetu Mombasa unyevu na chumvi ya bahari hufanya utando kwenye meno hayo, umeme ukapita kwa shida. Kibao kikikubali tundu moja na kukataa jingine, huenda mbovu ni tundu. Ukimya, lakini, hauthibitishi kitu: mashine nyingi siku hizi hazina kispika cha kulia, basi hapo tazama taa ndogo za bodi, kama zipo. Na ikiwa hata feni hazizunguki, achana na RAM, anza na pawa saplai.